Kumaliza shule ukakosa kazi, na afya yako ukifika miaka 40: wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe tujadili

Mfamasia wa Mwanjelwa (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nipo famasi moja hapa Mwanjelwa, miaka kadhaa sasa. Zamani dawa za presha zilikuwa za wazee, au mtoto katumwa na bibi yake na kikaratasi mkononi. Siku hizi naona watu wa rika langu, 35 mpaka 40, wananunua za kwao wenyewe. Presha, vidonda vya tumbo, na wapo wanaoomba dawa za usingizi bila cheti nikawakatalia. Tukipiga stori pale kaunta, historia za wengi zinakaribiana: alimaliza chuo 2012, 2013, 2015, akasota mtaani, shughuli ikaja kupatikana baadaye sana. Wengine leo wamejipata kabisa, gari limepaki nje.

Najua kaunta ya famasi si utafiti. Aliye mzima haji kwangu. Ndiyo maana nikaingia kusoma, na nimekuta mambo mawili nataka tuyapime hapa.

La kwanza ni la Sweden. Kuna mji wa kaskazini unaitwa Luleå. Mwaka 1981 watafiti waliwachukua wanafunzi wote wa mji huo waliokuwa mwaka wa mwisho wa shule ya lazima, 1,083, wakiwa na miaka 16. Waliwauliza habari za afya na za nyumbani kabla hata hawajaingia mtaani. Wakawarudia 1983, 1986, 1995 na 2007, na hadi mwaka huo wa mwisho zaidi ya asilimia 90 walikuwa bado wanajibu. Waliokosa kazi wakiwa na miaka 18 hadi 21 walionekana kuwa na hali mbaya zaidi ya akili wakiwa na 21, wakiwa na 30, na bado wakiwa na 42. Aliyekosa kazi mara moja tu akiwa mtu mzima hakubaki na alama ya namna hiyo.

La pili ni la Marekani. Hannes Schwandt na Till von Wachter waliwafuatilia watu walioingia kwenye soko la ajira wakati uchumi wa huko umedorora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walipokaribia miaka 40, vifo vyao vilianza kuzidi vya wale walioingia miaka ya neema. Moyo, saratani ya mapafu, ini, dawa za kulevya.

Swali langu: hili linatuhusu, au ni mambo ya wazungu wenye posho ya kukosa kazi?

---

Kiti cha Dirishani

Nimekaa mbele kabisa, wataalamu waje.

---

Mzee wa Kabwe

Mnatafuta visingizio tu. Sisi tulimaliza la saba, siku ya pili tumeshika jembe. Hakuna aliyekuja kutuuliza habari za akili. Mimi nina miaka 58, nabeba gunia la viazi mwenyewe. Kijana wa leo ana digrii, anashinda kijiweni na simu, halafu presha ikija anailaumu serikali.

---

Mfamasia wa Mwanjelwa

Shikamoo mzee wangu. Gunia lako nalikubali. Ila waliomaliza na wewe wote wapo? Waliokufa hawachangii uzi.

Halafu umejijibu mwenyewe hapo kwenye jembe. Siku ya pili ulikuwa na pa kwenda, na shamba lilikuwepo. Kijana wa Ilomba leo baba yake amepanga vyumba viwili; hilo jembe analishika wapi?

---

Mzee wa Kabwe

Marahaba. Chunya mashamba yapo. Mbarali yapo. Mnataka ya pale nyuma ya Kabwe.

---

Takwimu wa Sae

Mleta mada, uzi mzuri, ila mimi nitakuwa mbishi kidogo maana hizi hesabu ndizo nilizosomea.

Hoja ya kwanza: huenda umeigeuza. Mtu mwenye sonona, au aliyekulia kwenye nyumba ya shida, ndiye atakayechelewa kupata kazi, na huyohuyo ndiye atakayeumwa mbele. Ukimkuta ana miaka 40 na presha unasema "ni kukosa kazi", kumbe shida ilimtangulia. Hao wa Luleå wamejitahidi kwa kuwapima wakiwa na miaka 16, hilo nawapa. Hao wa Marekani ndio wamenishika zaidi, kwa sababu hawakulinganisha aliyepata kazi na aliyekosa. Waliangalia hali ya soko mwaka ambao mtu aliingia. Na hakuna anayechagua azaliwe mwaka gani ili amalize shule uchumi ukiwa mzuri.

Hoja ya pili: Luleå ni mji mmoja wa viwanda vya chuma na bandari, una ustawi wa jamii. Kule mtu yuko kazini au hayuko. Huku kwetu nani hana shughuli kabisa? Anauza vocha, anaendesha bajaji ya mtu, anapalilia kwa siku, anamshikia mjomba duka. Ukimuuliza mtu wa takwimu, huyo anayo kazi. Ukimuuliza mama yake, hana.

---

Mwalimu Bila Chaki

Takwimu, umesema hakuna anayechagua mwaka wa kuzaliwa. Ngoja nikupe mfano wa hapahapa.

Nilimaliza Mkwawa 2015, ualimu, Historia na Kiswahili. Waliotutangulia mwaka mmoja walipangiwa vituo. Sisi tukarudi nyumbani kusubiri orodha, maana ndivyo ilivyokuwa miaka yote: unamaliza, unasubiri, unaona jina. Orodha haikutoka. Juni 2016 ajira mpya zikasitishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Aprili 2017 likaja la vyeti feki, watumishi 9,932. Mlango ulipofunguliwa tena kidogokidogo, waliotafutwa kwanza walikuwa wa sayansi na hisabati.

Sasa mchukue wa 2014 na wa 2015. Kozi ileile, hosteli zilezile, GPA zinakaribiana. Wengine walikuwa wanatuazima madesa. Leo mwenzangu yuko kazini, ana bima ya familia nzima, amekopa benki kapaua nyumba. Mimi nimepata ajira ya shule binafsi mwaka juzi. Bado nakatwa ile asilimia 15 ya bodi ya mikopo, na deni lenyewe lilikuwa limenona kwa ile asilimia 6 ya kutunza thamani, kabla haijafutwa 2021.

Na presha ninayo.

---

Takwimu wa Sae

Pole mwalimu. Baba yako ana presha?

---

Mwalimu Bila Chaki

Hana. Babu alikuwa nayo.

---

Takwimu wa Sae

Basi wewe peke yako huwezi kuwa ushahidi, nisamehe. Ila hilo la 2014 na 2015 ni la maana kuliko unavyodhani. Ni mpangilio uleule wa Schwandt na mwenzake, umetokea Iringa. Mtu wa chuo akiamua kuwatafuta wahitimu wa ualimu wa miaka hiyo miwili, akawapima presha, sukari, uzito, akawauliza usingizi na pombe, atapata kitu ambacho hakuna Mswidi anayeweza kutuambia kuhusu sisi. Wana namba za usajili, wana magrupu ya WhatsApp. Sioni ugumu wa kuwapata.

Aangalie tu asiwahesabu wanaojibu peke yao. Aliyekata tamaa hujitoa kwenye grupu la darasa mapema sana.

---

Bajaji Soweto–Uyole

Hilo la kujitoa kwenye grupu ni kweli tupu. Mimi nilijitoa siku wameanza kutuma picha za harusi na kuchangishana.

Na huyo aliyesema nina kazi kwa sababu naendesha bajaji, sawa, nina kazi. Hesabu ya bosi inatoka kila jioni na mimi nakula. Ila mwaka wa kwanza, abiria wanaonijua walikuwa wananiita "msomi". "Msomi, nishushe hapo Sae." Wanacheka. Ilikuwa inanikaa kifuani mpaka usiku. Sasa hivi nimezoea, hata sisikii.

---

Bi Mkubwa wa Tukuyu

Wanangu, mimi ni mzazi, mnivumilie sijui kuandika kwa haraka.

Kijana wangu alimaliza chuo akarudi nyumbani. Mwanzoni alikuwa anatoka na bahasha yake ya kaki kila wiki, Mbeya mjini, siku nyingine mpaka Makambako. Akapunguza. Mwisho akawa haendi hata msibani. Nyie mnajua kwetu Unyakyusa msiba ni msiba, asiyeonekana anasemwa. Nikimwambia twende, anasema tumbo linauma. Kumbe lile tumbo ni swali. Kila anayekutana naye atamuuliza, "uko wapi siku hizi?" Hana jibu, anaona bora alale.

Na sisi wazazi tuliongeza. Baba yake alikuwa akisikia mlango saa tatu asubuhi anakohoa kwa nguvu. Hakusema neno, ila kile kikohozi mtoto alikielewa.

Akawa anakesha, analala mchana. Akakonda. Hospitali wakasema hana malaria, hana kitu.

---

Mfamasia wa Mwanjelwa

Mama, ndaga fijo. Haya uliyoandika ndiyo yaliyomo kwenye utafiti mmoja wa zamani mno, kule Austria. Kijiji cha Marienthal kilikuwa kinaishi kwa kiwanda kimoja cha nyuzi na nguo, kikafungwa kati ya 1929 na 1930. Marie Jahoda na wenzake wakaenda kukaa na watu. Walitegemea kukuta watu wenye nafasi wakisoma, wakishughulika na siasa, wakifanya mambo. Wakakuta kinyume. Watu waliazima vitabu vichache kuliko walipokuwa na kazi. Wanaume walitembea polepole, wanasimama njiani bila sababu, na ukiwauliza jana walifanya nini hawana cha kueleza.

Jahoda baadaye alisema mshahara ni sehemu moja tu ya kile kazi inachokupa. Inakupangia siku. Inakukutanisha na watu wasio wa nyumbani kwenu. Inakupa nafasi katika jambo la wengi, inakupa jina la kujibia, na inakufanya mwili usogee. Kijana wako, mama, alikuwa anakula nyumbani, njaa haikuwepo. Hayo mengine yote ndiyo yalikatika siku moja.

---

Nesi wa Zamu, Makambako

Nachangia kama mtu wa wodini, si mtafiti.

Mnaongea digrii tu. Wengi wanaomaliza shule huku hawamalizi chuo. Wanamaliza kidato cha nne, Novemba, wakiwa na miaka 17 au 18. Umri uleule wa hao watoto wa Luleå mnaowasema. Kijana wa kiume anakwenda kwenye mbao au boda. Binti je? Wengi nyumbani hawasemi "hana kazi". Wanasema anamsaidia mama. Hakuna anayemhesabu. Akipata bahati anapelekwa Dar kuwa dada wa kazi, na Iringa na Njombe ndiko mabosi wa Dar wanakoagiza tangu enzi. Akikosa, anapatikana mtu wa kumnunulia vocha na chipsi.

Mikoa yetu ndiyo inayoongoza kwa VVU nchini. Utafiti wa 2022–2023: Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, kwa watu wazima wa kuanzia miaka 15. Sisemi kukosa kazi ndiko kunakoleta virusi. Nasema binti wa miaka 18 asiye na shilingi ya kwake hana nguvu ya kumwambia mwanaume avae kondomu. Afya yake ya miaka 40 inaamuliwa hapo, kwenye miezi hiyo baada ya mtihani, wakati wote tuko bize kuuliza matokeo.

Jambo lingine ni bima. Mwanafunzi wa chuo alikuwa analipa 50,400 kwa mwaka ana kadi, anatibiwa. Anavaa joho, kadi inakufa. Kwa hiyo kipindi ambacho msongo uko juu kabisa ndicho hana bima. Vidonda vya tumbo anavitibu kwa maziwa na ushauri wa kijiweni. Presha haijui. Atakuja kwangu akiwa na 38 kaanguka kazini, tunampima, 190 kwa 120, anashangaa. Inawezekana imeanza zamani na hakuna aliyewahi kumfunga ile mashine mkononi.

---

Mbao Mafinga

Kamwene wote.

Nesi kanigusa. Mimi wa VETA, useremala. Sikukaa bila kazi hata mwezi: Sao Hill iko hapa, mbao hazijaisha. Ila mnazungumza utadhani kazi yoyote ni dawa. Njooni muone kazi za huku. Msumeno wa mviringo hauna kinga, vumbi unalivuta kutwa, barakoa ni leso. Kupakia mbao kwenye fuso kwa deiwaka, mgongo umekwisha mtu ana miaka 29. Mkataba hakuna, ukikatwa kidole mwenye mashine anakupa nauli ya hospitali na pole.

Kuna rafiki zangu waliokaa kijiweni muda wote huo na wana afya kuliko mimi. Hilo nalo liingizeni kwenye hesabu.

---

Takwimu wa Sae

Mbao, hujaongea peke yako. Kuna utafiti wa Australia wa kina Butterworth, ulitoka 2011. Uliwafuatilia watu waliokuwa hawana kazi wakapata. Waliopata kazi nzuri, akili ilitulia. Waliopata kazi mbaya kabisa, ya presha kubwa, isiyo na uhakika, na huna la kusema, hali yao ya akili ilishuka chini ya wale waliobaki bila kazi. Kwa hiyo "bora kazi tu" haina msingi.

---

Mzee wa Kabwe

Australia, Austria, Sweden. Kuna mtu wa Mbozi kwenye huu uzi?

---

Kahawa ya Mlowo

Nipo mzee. Mbozi hatujapimwa na mtu.

Mimi nataka kusema la pombe maana mnalikwepa. Kijiwe chetu miaka ya 2013 mpaka 2016 kilikuwa na viroba. Mnavikumbuka? Hela ya pipi unapata kilevi kikali, unaweka mfukoni, unakunywa saa nne asubuhi hakuna anayejua. Ulanzi na komoni ni pombe za kukaa, kuna watu, kuna mzee atakwambia inatosha. Kiroba ulikuwa unakunywa peke yako. Serikali ilivipiga marufuku Machi 2017 na nakumbuka watu walivyolalamika. Wale waliokuwa na miaka 22 wakati huo leo wako kwenye 30 na kitu. Ini halisahau. Mleta mada akitaja kwamba Wamarekani wa 1980 na kitu walikufa kwa ini, mimi picha naiona bila takwimu.

Sasa kiroba kimebadilishwa na mkeka. Kijana anabeti kuanzia ligi ya Norway mpaka ya wanawake ya Brazili, halali mpaka mechi za Marekani ziishe.

---

Mfamasia wa Mwanjelwa

Kahawa, na Luleå walikuta hivyohivyo: sigara na pombe zilikuwa juu zaidi kwa waliokaa muda mrefu bila kazi ujanani. Mazoea ya miaka 20 yanabebwa mpaka 40, hata kazi ikipatikana katikati.

Ila kuna kitu sijakisema bado, na ndicho kilichonifanya nifungue uzi. Katika wale watoto wa Luleå kulikuwa na makundi mawili ya waliokosa ajira. Wapo waliokaa hivihivi. Wapo walioingizwa kwenye programu za vijana: wanakwenda mahali kila siku, wana kitu cha kufanya, ingawa si ajira kamili. Watafiti walipowatenganisha, waliokaa hivihivi walibaki na kovu la akili. Waliokuwa kwenye programu hawakuwa na kovu la namna hiyo.

Wawili, wote hawana ajira. Ila mmoja ana pa kwenda asubuhi.

---

Mwalimu Bila Chaki

Hapo nina ushuhuda, na nina hasira pia.

Baada ya kusubiri sana nilikwenda kujitolea shule moja ya sekondari ya kata, jina silitaji. Mkuu wa shule alinipa Kidato cha Pili na cha Tatu, Historia, vipindi kuliko walimu walioajiriwa. Malipo hakuna. Wazazi walikuwa wakichangishana kidogo, mwezi mwingine inafika, mwezi mwingine haifiki.

Sasa la ajabu: niliacha kukesha. Niliamka saa kumi na moja na nusu kwa sababu kuna zamu. Nilikuwa na shati la kupiga pasi. Wanafunzi wananisalimia njiani, "shikamoo mwalimu", na mama mwenye nyumba naye akaanza kuniita mwalimu. Sikuwa na hela kabisa, ila nilikuwa mzima kuliko mwaka uliotangulia.

Hasira yangu ni hii: ajira zilipotangazwa, ile miaka ya kujitolea haikunisaidia kitu. Nikakutwa kwenye usaili mmoja na watoto waliomaliza juzi. Mnajua ule usaili wa TRA wa 2025? Nafasi 1,596, waombaji zaidi ya laki moja na elfu thelathini. Wa ualimu nao hauna tofauti.

---

Bajaji Soweto–Uyole

Mwalimu, samahani, lakini wewe ulitumika. Shule ilipata mwalimu wa bure. Tukianza kusema kujitolea ni dawa ya akili, kesho kila ofisi haiajiri. Kwa nini waajiri wakati kuna wanaokuja bure kwa sababu ya "afya"?

---

Mwalimu Bila Chaki

Nilitumika, ndiyo. Na nililala usingizi. Yote mawili ni kweli, usinichagulie moja.

---

Nesi wa Zamu, Makambako

Nawaunga mkono wote wawili, na sioni kwa nini mpigane. Hao wa Sweden hawakuwapeleka vijana bure. Programu zao zilikuwa na malipo na serikali ilikuwa nyuma. Anayejitolea huku anajilipia nauli. Mtoto wa maskini hawezi kujitolea Mbeya mjini kama kwao ni Ileje. Kwa hiyo hata hiyo dawa anaipata mwenye shangazi wa kumlaza.

Kama kuna fedha ya vijana itumike kwenye nauli na chakula cha mchana cha hao wanaojitolea. Ile asilimia 10 ya halmashauri, nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya wenye ulemavu, ni mkopo wa kikundi wenye masharti ya biashara. Haina riba, nzuri. Ilisimama 2023 ikarudi, nzuri. Ila binti wa kidato cha nne hana kikundi na hana biashara. Anachohitaji ni mahali pa kwenda Jumatatu.

---

Uwanja wa Taifa 2014

Jina langu linajieleza. Nilikuwepo kwenye ule usaili wa Uhamiaji, Juni 2014, watu zaidi ya elfu kumi tumekaa majukwaani kwa nafasi 70. Nilitoka Iringa na basi la usiku. Ninachokumbuka ni jinsi tulivyokuwa tunacheka. Tulikuwa na miaka 24, 25, tukapiga picha. Hakuna aliyeona ni jambo la afya.

Leo nina duka la pembejeo Ilula, msimu wa nyanya nauza vizuri, sina njaa. Ila simu ikiita namba nisiyoijua, moyo unakwenda mbio bado. Ni kwa sababu ya miaka ile ya kusubiri kupigiwa. Mke wangu ananicheka.

---

Takwimu wa Sae

Swali kwa mleta mada: ukishapata kazi baadaye, alama inafutika au haifutiki? Maana tukisema haifutiki tunawaua watu kwa uzi.

---

Mfamasia wa Mwanjelwa

Kwa wastani wa kundi, ilikuwepo bado kwenye 42. Wastani si mtu mmoja. Ndani ya kundi hilohilo wapo waliokaa bila kazi na wako salama kabisa.

Na mengi yanayoua hapo katikati yana njia yake ya kushughulikiwa leo, bila kusubiri ajira. Presha inapimwa na inatibika. Sigara inaachwa na mapafu yanashukuru hata ukiacha na 40. Sonona inatibiwa, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapa Mbeya ina wataalamu wa afya ya akili, usisubiri mtu akutanie habari za Mirembe, ile hospitali ya afya ya akili ya Dodoma. Nimewaambia hivyo watu pale kaunta, wawili watatu wamekwenda.

---

Bi Mkubwa wa Tukuyu

Wangu ndivyo alivyopona. Alipelekwa na mjomba wake, sisi tulikuwa tunabishana kama ni kurogwa. Sasa yuko kwenye parachichi, anakusanya kwa wakulima wa Rungwe anawapelekea wanunuzi. Msibani anakwenda, wiki iliyopita alikuwa mpishi.

---

Dada wa Igurusi

Nimesoma uzi wote tangu mwanzo, sina digrii mimi, nauza mchele. Mdogo wangu anamaliza MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, mwezi wa saba, uhandisi wa umeme. Mama ameshamwandalia chumba arudi Igurusi kupumzika "mpaka ajira zitoke". Nimshauri nini?

---

Nesi wa Zamu, Makambako

Dada, apumzike wiki mbili, ale, alale. Halafu atafutiwe fundi au kampuni yoyote ya umeme ambako atakuwa anakwenda kwa saa zinazojulikana, hata siku tatu kwa wiki. Maombi ya Ajira Portal atume jioni, yasiwe ndiyo kazi ya kutwa nzima. Na kabla kadi ya bima haijaisha akapime kila kitu, meno pia, maana kuyang'oa kwa hela taslimu ni maumivu mawili.

---

Mwalimu Bila Chaki

Na mwambie mama asimuulize kila siku. Ijumaa kwa Ijumaa inatosha.

---

Dada wa Igurusi

Nimempigia sasa hivi. Anasema kuna fundi wa mota pale Iyunga alifanya naye mafunzo kwa vitendo, anaweza kumpokea ila halipi, anatoa chakula cha mchana tu. Tatizo pa kulala. Kama kuna mtu ana chumba cha bei ya kijana Iyunga au Nzovwe, asiye na kelele, anicheki pembeni. Kodi ya miezi mitatu ya kwanza mchele utalipa.